Mazungumzo ya Michezo: Asiyekuwapo na Lake Halipo

Juma hili nimepokea barua mbili kutoka ukoo mmoja. Ya kwanza imepigwa chapa vizuri, nayo yatoka kwa karani mmoja aliye Nakuru. Ya pili imeandikwa kwa mkono, nayo yatoka kwa mjomba wake, mkulima wa mahindi karibu na Kitale. Wote wawili ni wapenzi wa kriketi, na wote wawili husoma ukurasa huu. Wamebishana tangu sikukuu ya Krismasi, wamewekeana mbuzi, na sasa waniomba niwe mwamuzi wao.

Mabishano yao ni haya. Karani amechagua timu ya wachezaji 11 walio bora kuliko wote katika historia ya kriketi duniani, wazima na wafu. Desturi hii ya kuunda timu zisizoweza kukutana uwanjani ni ya zamani, na wapenzi wa kriketi huipenda karibu sawa na mchezo wenyewe. Kitabu cha Wisden, ambacho hutoka kila mwaka tangu 1864, kiliwauliza watu 100 katika mwaka 2000 wataje wachezaji watano wa karne. Wote 100 walimtaja Donald Bradman wa Australia. 90 walimtaja Garfield Sobers wa Barbados. 30 walimtaja Jack Hobbs. 27 Shane Warne. Na 25 Vivian Richards. Mwaka 2013 kitabu hicho hicho kikatangaza timu yake ya siku zote. Basi karani wetu hakufanya neno la ajabu.

Tofauti yake ni kanuni aliyoitumia. Aniandikia hivi: "Bwana Mwandishi, mimi sikufuata mapenzi ya mtu. Nimemwacha kila asiyetimiza mechi 20 za Testi, kisha nikawapanga waliobaki kwa wastani wao. Hesabu haina ndugu wala adui."

Naye mjomba asema: "Mpwa wangu ni kijana mwerevu, nami namsifu kwa elimu yake. Lakini nilikwenda Nairobi mwaka 2003 nikamwona Steve Tikolo kwa macho yangu akiwaongoza vijana wetu dhidi ya Sri Lanka, nasi tukashinda. Nikiuliza kwa nini hayumo katika orodha, naambiwa hana wastani wa Testi. Nami namwuliza: ni nani aliyemnyima?"

Kabla ya kuamua, yafaa niwaeleze kidogo wale wasiopata kuutazama mchezo huu. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Katikati ya uwanja pana vijiti vitatu upande huu na vitatu upande ule, na umbali baina yao ni yadi 22. Vijiti hivyo huitwa wiketi. Mrushaji hurusha mpira ili aangushe wiketi. Mpigaji huilinda kwa gongo lake. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana upande, na kila safari moja ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani ni mikimbio 4; ukiruka mpaka bila kugusa chini ni 6. Mpigaji hutolewa wiketi yake ikiangushwa, au mpira alioupiga ukidakwa hewani, na kwa njia nyingine kadhaa. Mrushaji aliyemtoa mtu husemwa amepata wiketi moja.

Mechi za Testi ndizo kubwa kuliko zote. Siku hizi huchezwa kwa siku tano, na ni baina ya mataifa yaliyopewa idhini tu. Ya kwanza ilichezwa Melbourne mwezi wa Machi 1877, Australia ikaishinda Uingereza kwa mikimbio 45. Hata leo mataifa yenye idhini hiyo ni 12 tu.

Sasa tuje kwenye wastani. Mkulima hapati taabu kuuelewa. Mtu akikuambia amevuna magunia 200 ya mahindi, hujui bado kama ni mkulima mzuri mpaka umwulize, "Katika ekari ngapi?" Kwa ekari 8 ni magunia 25 kila ekari, nayo ni kazi ya kusifiwa, kwa ekari 40 ni magunia 5, nayo ni aibu. Hali kadhalika mpigaji. Chukua mikimbio yake yote, ugawe kwa idadi ya mara alizotolewa. Jibu ndilo wastani wake. Kwa mrushaji ni kinyume: twagawa mikimbio aliyofungwa kwa wiketi alizopata, na mwenye wastani mdogo ndiye bora.

Tena sina budi kukiri kwamba karani anayo haki kubwa. Bila hesabu tungebaki na maneno ya vijiweni. Hesabu ndiyo ituonyeshayo kwamba Bradman hakuwa mtu wa kawaida. Alizaliwa mwaka 1908, akakulia mji mdogo wa Bowral, na huko utotoni alijifunza peke yake kwa kupiga mpira wa gofu kwa kijiti chembamba, mpira ukigonga ukuta wa tangi la maji na kumrudia kwa kasi. Katika Testi 52 alipata mikimbio 6,996. Siku ya mwisho, mwezi wa Agosti 1948, alipoingia katika uwanja wa Oval mjini London, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake uwe 100 kamili. Mrushaji Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili, naye hajapata hata mmoja. Wastani wake ukabaki 99.94. Miongoni mwa waliokwisha kustaafu, hakuna mwingine mwenye Testi 20 aliyefika hata 65. Hesabu hiyo yasimama peke yake kama mlima Kenya, nasi twamshukuru aliyeiandika.

Lakini tuifuate kanuni ya karani mpaka mwisho wake, tuone yatupeleka wapi. Baada ya Bradman, nani wa pili? Si Hobbs, wala si Sobers, wala si Sachin Tendulkar wa India aliyecheza Testi 200 na kupata mikimbio 15,921. Wa pili ni Adam Voges wa Australia, mwenye wastani wa 61.87. Bwana Voges alikuwa mchezaji hodari, nami simdharau. Alianza Testi mwaka 2015 akiwa na miaka 35, akamaliza mwaka 2016, na mechi zake zote ni 20 barabara. Katika hizo, West Indies, ambayo wakati huo ilikuwa dhaifu, ilimpa mikimbio 542 na kumtoa mara moja tu. Hapana mtu Australia wala kwingineko asemaye kwamba Voges ni wa pili baada ya Bradman katika historia yote. Hata karani mwenyewe, nilipoitazama orodha yake, niliona amemwandika kwa penseli, kama mtu mwenye wasiwasi.

Basi hapa ndipo mkulima aulizapo swali la pili. Baada ya "ekari ngapi?" huuliza, "Udongo gani, na mvua ya mwaka gani?" W. G. Grace wa Uingereza, yule bwana mwenye ndevu nyingi, wastani wake wa Testi ni 32.29 tu. Ukimpima kwa namba hiyo, hapati nafasi hata katika timu ya tatu. Lakini alipocheza Testi yake ya kwanza mwaka 1880 alikuwa na miaka 32, akapata 152. Viwanja vya siku zake vilikuwa na mashimo na mawe, na mvua ikinyesha havikufunikwa. Ndiye aliyewafundisha wengine namna ya kupiga mipira ya kila aina. Katika mechi zote za daraja la kwanza alipata mikimbio zaidi ya 54,000, na mpaka leo wenye kuhesabu hawajapatana jumla yake, maana wengine hukubali mechi ambazo wengine huzikataa.

Tena mvua iliyomwumiza mpigaji ilimsaidia mrushaji. George Lohmann wa Uingereza alipata wiketi 112 katika Testi 18, kwa wastani wa 10.75. Hakuna mrushaji mkubwa wa siku hizi anayekaribia hapo. Malcolm Marshall wa Barbados, ambaye wengi walimwogopa kuliko mrushaji mwingine yeyote wa zama zake, alimaliza na 20.94. Je, Lohmann alimzidi Marshall maradufu? La. Ni shamba jingine, na mvua nyingine.

Sasa nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri, maana tumefika kwenye swali la tatu, nalo ndilo kiini cha barua ya mjomba. Lohmann alipata 35 katika zile wiketi zake kwa mechi tatu tu, huko Afrika ya Kusini mwaka 1896, kwa wastani wa 5.80. Sydney Barnes, ambaye watu wengi humhesabu kuwa mrushaji bora kuliko wote, alipata wiketi 49 kwa mechi nne, na hizo pia ni katika Afrika ya Kusini, majira ya 1913 na 1914. Bradman naye aliwapiga Waafrika ya Kusini mikimbio 806 majira ya 1931 na 1932, kwa wastani wa 201.50. Namba tatu kubwa, za watu watatu wakubwa, zote zimevunwa katika shamba moja. Ni timu gani hiyo iliyokuwa ikifungwa hivyo? Ilikuwa timu iliyochaguliwa, karibu yote, katika watu wa rangi moja wa nchi yenye watu wa rangi nyingi.

Huko Cape kulikuwa na mrushaji aliyeitwa Krom Hendricks. Waingereza waliocheza naye mwaka 1892 walimsifu sana kwa kasi yake. Mwaka 1894 Afrika ya Kusini ilipotayarisha timu ya kwanza ya kwenda Uingereza, jina lake lilitajwa. Wakuu wa kriketi wa Cape walikataa asipelekwe kwa sababu hakuwa Mzungu, na Cecil Rhodes, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Cape, aliwaunga mkono. Wako waliotoa shauri kwamba huenda akachukuliwa kama mchukuzi wa mizigo ya wachezaji. Hendricks akajibu hadharani kwamba hatakwenda kwa cheo hicho. Timu ikaondoka bila yeye, na miaka miwili baadaye Lohmann akafika na kuzoa wiketi zake. Ukifungua vitabu vya Testi leo, Hendricks hana wastani mkubwa wala mdogo. Hayumo.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkemea mtu aliyekosa kuhudhuria baraza, kisha akalalamika kuhusu maamuzi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya aliyelala nyumbani na aliyesimama mlangoni akafungiwa. Daftari haliwezi kuzitenganisha hali hizo mbili; kwa wote wawili mstari ni mtupu.

Na si Hendricks peke yake. Timu ya kwanza ya Australia kuzuru Uingereza, mwaka 1868, ilikuwa ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Walicheza mechi 47, wakashinda 14, wakashindwa 14, na 19 zikaisha sare. Mmoja wao, Johnny Mullagh, alipata mikimbio 1,698 na wiketi 245 katika safari hiyo. Testi zilikuwa hazijaanza. Na mwaka uliofuata jimbo la Victoria, walikotoka wengi wao, lilitunga sheria iliyowazuia wenyeji wasiende wala wasikae watakapo. Hivyo mavuno yale makubwa hayakuingia katika ghala la Testi.

Kisha yuko Basil D'Oliveira, ambaye wazee wengine wa Nairobi huenda walimwona. Alizaliwa mjini Cape Town mwaka 1931. Kwa kuwa sheria za huko hazikumhesabu kuwa Mzungu, hakuruhusiwa kuichezea nchi yake. Mwaka 1958 alikuja kwetu Afrika Mashariki, naye ni nahodha wa timu ya Waafrika ya Kusini wasio Wazungu. Mwaka 1960 akahamia Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea Uingereza Testi, miaka yake ikiwa imekwisha kupita 30, umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu. Agosti 1968 aliwapiga Australia 158 katika Oval. Hata hivyo jina lake likaachwa katika timu ya kwenda Afrika ya Kusini. Kisha mchezaji mmoja alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira akaitwa mahali pake. Na Waziri Mkuu Vorster akakataa kuipokea timu hiyo. Safari ikavunjwa. Kuanzia mwaka 1970 Afrika ya Kusini ikawa nje ya kriketi ya mataifa, isirudi mpaka 1991.

Wastani wa D'Oliveira ni 40.06 katika Testi 44. Karani atasema hautoshi kuingia katika timu ya siku zote, nami nakubali. Lakini namba hiyo ni ya mtu aliyepanda baada ya mvua kubwa kupita. Mikimbio ya ujana wake aliipata katika viwanja vya vumbi vya Cape Town, wala haimo katika hesabu ya Testi.

Mlango ule ulipofungwa uliwabana hata wale ambao zamani walikuwa ndani. Barry Richards, Mzungu wa Durban, alicheza Testi 4 tu mwaka 1970, akapata mikimbio 508 kwa wastani wa 72.57, kisha basi. Kanuni ya karani yamtupa nje. Lakini tazameni jambo hili: Bradman mwenyewe alipochagua timu yake ya siku zote, ambayo ilichapishwa mwaka 2001 baada ya kifo chake, alimweka Barry Richards kuwa mpigaji wa kufungua. Mtu mwenye wastani mkubwa kuliko wote duniani hakuona kwamba Testi 4 zamzuia mtu kuwa mkubwa. Aliamini macho yake pamoja na hesabu. Nami naongeza: Richards alifungiwa mlango baada ya mechi nne, akahurumiwa na dunia, Hendricks alifungiwa kabla ya ya kwanza, na wachache wamjuao.

Sasa tumrudie Tikolo wa mjomba. Katika Kenya ya kikoloni kriketi ilikuwa ya vilabu vilivyotengwa kwa rangi, Wazungu kwao na Wahindi kwao, na Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa. Vijana wetu waliingia katika mchezo huu baadaye, wengi wao Nairobi, kwa kuwatazama Wahindi wakicheza. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune huko India, Kenya iliyopata mikimbio 166 tu iliitoa West Indies yote kwa 93, chini ya nahodha Maurice Odumbe. Mwaka 1997, katika fainali ya Kombe la ICC mjini Kuala Lumpur, Tikolo alipata 147 dhidi ya Bangladesh; nao Bangladesh wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 2000 Bangladesh wakapewa idhini ya Testi. Sisi hatukupewa. Mwaka 2003 Tikolo akatuongoza mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia, India wakatushinda Durban kwa mikimbio 91. Mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja za mataifa. Kwa hiyo Tikolo alistaafu bila Testi hata moja.

Nisije nikaeleweka vibaya. Tikolo hakufungiwa mlango kwa rangi kama Hendricks. Kupewa au kunyimwa idhini ya Testi ni jambo la nguvu ya ligi, fedha, viwanja na uongozi, na sisi wenyewe tulikuwa na kasoro zetu katika hayo. Lakini kwa mtu mmoja aliyesimama na gongo lake mkononi, matokeo ni yale yale: hakupewa shamba, kisha akaulizwa mavuno yako wapi. Mkulima asiyepewa ekari hana rekodi ya magunia, lakini huo si ushahidi kwamba hajui kulima.

Sasa natoa hukumu. Kwanza, timu yangu mimi ni hii:

1. Jack Hobbs (Uingereza)
2. W. G. Grace (Uingereza)
3. Donald Bradman (Australia)
4. George Headley (West Indies)
5. Sachin Tendulkar (India)
6. Garfield Sobers (West Indies)
7. Adam Gilchrist (Australia), mlinda wiketi
8. Malcolm Marshall (West Indies)
9. Shane Warne (Australia)
10. Sydney Barnes (Uingereza)
11. Muttiah Muralitharan (Sri Lanka)

Hobbs nimemchukua kwa wastani wa 56.94 na kwa kuwa alipata mia si chini ya mara 197 katika mechi za daraja la kwanza. Sobers alipata mikimbio 8,032 na wiketi 235, tena aliweza kurusha kwa kasi na kwa mzunguko. Huyo ni watu watatu katika shati moja. Gilchrist alilinda wiketi na kupiga kwa wastani wa 47.60. Warne alipata wiketi 708, na Muralitharan 800.

Headley wapo watakaoniuliza kwa nini. Alicheza Testi 22 tu, kwa sababu katika siku zake West Indies ilipewa mechi chache, na vita vikuu vikamla miaka yake mizuri. Hata hivyo alipata mia 10, na wastani wa 60.83, akiwa amebeba timu dhaifu mgongoni. Tena kwa miaka mingi cheo cha unahodha wa West Indies kilikuwa cha Wazungu. Headley alipewa kukiongoza kikosi katika Testi moja tu, mjini Bridgetown mwaka 1948. Mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa timu kwa mfululizo wote wa mechi alikuwa Frank Worrell, katika safari ya Australia ya 1960 na 1961, naye aliiongoza vyema hata dunia ikajiuliza ni nini kilichokuwa kikingojewa.

Wengine watasema nimweke Hendricks awe mtu wa 12. Nilifikiri hivyo, kisha nikaona haya. Mtu wa 12 hapigi wala harushi. Kazi yake ni kuwaletea wenzake maji na kushika nafasi ya aliyeumia. Hendricks alikwisha kukataa mizigo mwaka 1894, sitampa ndoo leo. Wala siwezi kumweka katika wale 11, maana hakupata kupimwa, nami nitakuwa nimebuni. Neno la haki niwezalo kufanya ni dogo, nalo ni kuandika chini ya orodha yangu mstari mmoja: "Hawa wamechaguliwa miongoni mwa walioruhusiwa kucheza."

Basi, Bwana Karani, mbuzi ni wa mjomba wako. Ulisema hesabu haina ndugu wala adui, nayo ni kweli. Lakini watu waliosimama mlangoni mwa uwanja walikuwa na ndugu na maadui, na hesabu ilianza kazi baada ya wao kumaliza yao. Uandike mstari ule chini ya orodha yako, kisha umfute Voges.

Nawe Mzee, pokea mbuzi wako, lakini umkatie mpwa wako mguu mzima wa nyuma. Tikolo hakuingia katika timu yangu, wala upendo wako kwake hautoshi kumwingiza mahali pa Tendulkar. Tena bila bidii ya vijana kama huyu, wanaoketi jioni na madaftari wakihesabu mikimbio ya watu waliokufa zamani, mimi na wewe tusingejua hata kwamba kuna mistari iliyo mitupu.

Wasomaji wengine wenye timu zao na waniletee. Waandike kwa wino, wala si kwa penseli, na kila jina liwe na sababu yake.